Namna ya Kupata Fedha za Kununua Nyumba ya Kupangisha Nchi ya Kigeni

Kabla ya kuingia katika hesabu, ni vema kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili huyabebesha neno moja. "Kodi" hutajwa kwa fedha anayolipa mpangaji, na hutajwa pia kwa fedha inayochukuliwa na serikali, na anayepangisha nyumba iliyo nchi nyingine atakutana na zote mbili karibu katika kila karatasi atakayotia saini. Katika mwongozo huu, fedha ya mpangaji itaitwa pango, na kodi itabaki kuwa ya serikali.

Mwekezaji wa kigeni mara nyingi huanza na nyumba. Ameona picha, ametajiwa bei, dalali amemhakikishia kwamba wapangaji hawakosekani, na hapo ndipo anapoanza kutafuta wa kumkopesha. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio uliogeuzwa: sarafu kwanza, kisha ruhusa ya kumiliki, kisha mkopeshaji na hesabu ya pango, na nyumba yenyewe ije mwisho. Sababu ni kwamba kinachomfilisi mtu aliyekopa nje ya nchi yake mara chache ni ufa wa ukuta au bomba linalovuja. Mara nyingi ni tofauti kati ya fedha anayoipokea na fedha anayodaiwa.

Sarafu ya deni

Kanuni ya kwanza ni kwamba deni lifanane na pango. Ikiwa mpangaji atalipa kwa euro, mkopo nao uwe wa euro, kwa kuwa hapo kupanda na kushuka kwa thamani ya sarafu kutagusa faida unayoipeleka nyumbani lakini hakutagusa uwezo wa nyumba kujilipia yenyewe. Anayekopa kwa sarafu moja ili anunue nyumba inayoingiza sarafu nyingine ameanzisha biashara mbili kwa wakati mmoja, moja ya kupangisha na nyingine ya kubahatisha bei ya fedha, na hii ya pili ndiyo inayoweza kuimeza ile ya kwanza hata kama mpangaji analipa kila mwezi bila kuchelewa.

Waliojifunza jambo hili kwa gharama kubwa ni wakopaji wa Poland na Hungaria. Katika miaka iliyotangulia msukosuko wa fedha wa 2008, familia nyingi za nchi hizo zilichukua mikopo ya nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa sababu riba yake ilikuwa chini kuliko riba ya zloti au forinti, sarafu za kwao, ilhali mishahara yao haikuwa ya faranga. Msukosuko ulipoanza, faranga ilipanda. Na tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda faranga isipite kiwango cha 1.20 kwa euro moja, ilipanda kwa zaidi ya asilimia 15 ndani ya siku moja. Watu waliokuwa wamelipa kila awamu kwa wakati walijikuta wakidaiwa fedha nyingi kuliko walizokopa. Hungaria ilitunga sheria mwaka 2014 ya kuigeuza mikopo hiyo kuwa ya forinti, na Poland mashauri yaliendelea mahakamani kwa miaka mingi, hata Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa uamuzi Oktoba 2019 uliowapa wakopaji nguvu ya kupinga vifungu visivyo vya haki katika mikataba yao. Kutokana na yaliyotokea, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu mikopo ya nyumba liliwataka wakopeshaji wampe mkopaji wa sarafu ya kigeni haki ya kubadilisha sarafu ya mkopo au kinga nyingine ya kupunguza hatari hiyo, na kumwonya pale mabadiliko ya thamani yanapozidi asilimia 20. Hiyo ni kinga ya mlaji wa kawaida. Anayenunua kwa biashara asidhani kwamba inamhusu moja kwa moja.

Zipo sarafu zilizofungamanishwa, kama dirhamu ya Falme za Kiarabu ambayo tangu 1997 imeshikiliwa kwenye 3.6725 kwa dola moja ya Marekani. Mwenye kipato cha dola anaweza kukopa kwa dirhamu akiwa na utulivu kuliko mwenye kipato cha sarafu inayoyumba. Hata hivyo, kufungamanisha sarafu ni uamuzi wa serikali, na uamuzi wa serikali unaweza kubadilika katika muda wa mkopo wa miaka 25.

Tatizo moja hubaki hata pale deni na pango vinapofanana. Mwezi ambao nyumba haina mpangaji, awamu italipwa na kipato chako cha nyumbani, na kwa mwezi huo utakuwa mkopaji wa fedha za kigeni kama wale wa faranga. Ndiyo maana akiba ya dharura inapaswa kuwekwa kwa sarafu ya mkopo, katika akaunti iliyo nchi ile ile, tangu siku ya kwanza. Akiba iliyobaki nyumbani ikisubiri kubadilishwa siku ya shida itabadilishwa kwa bei ya siku ya shida.

Je, unaruhusiwa kununua, na kutoa fedha?

Hapa maswali ni mawili, na watu wengi huuliza moja tu. La kwanza ni kama nchi ya nyumba inamruhusu mgeni kumiliki. New Zealand ilifunga mlango kwa wageni wengi mwaka 2018. Kanada ilianza zuio lake 1 Januari 2023 na baadaye ikalirefusha hadi 1 Januari 2027. Australia ilizuia kuanzia Aprili 2025, kwa kipindi cha miaka miwili, wageni kununua nyumba ambazo tayari zimeshakaliwa, huku ikiacha nafasi kwa nyumba mpya. Singapore haikuzuia, ila tangu Aprili 2023 inamtoza mgeni ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya bei, kiwango ambacho kinamaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Ndani ya Uingereza, England na Ireland Kaskazini zimemwongezea asiye mkazi asilimia 2 ya ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi wa nyumba, tangu Aprili 2021, juu ya nyongeza nyingine inayotozwa kwa kila anayenunua nyumba ya pili.

Kwingine ruhusa ipo lakini kwa umbo lingine, na umbo hilo ndilo mkopeshaji atakaloliangalia. Mexico haimruhusu mgeni kumiliki moja kwa moja nyumba ya makazi ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au kilomita 100 kutoka mpakani, hivyo benki ya huko hushika hati kwa niaba yake chini ya amana ya miaka 50 inayoweza kuhuishwa. Kenya, kwa Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, humpa asiye raia ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Hati ya ukodishaji iliyobakiza miaka michache inaweza kuwa halali kabisa na bado isikubaliwe kuwa dhamana, kwa kuwa mkopeshaji anataka muda wa hati uzidi muda wa mkopo kwa miaka mingi.

Swali la pili ni kama nchi yako inakuruhusu kutoa fedha. Raia wa China wana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka, na hutakiwa kutamka kwamba hawazitumii kununua nyumba ng'ambo. India huruhusu hadi dola 250,000 kwa mtu kwa mwaka wa fedha. Wapo waliolipa amana ya nyumba, kisha wakagundua kwamba salio haliwezi kutoka kwa wakati, na muuzaji akabaki na amana. Ulizia benki yako na benki kuu ya nchi yako kwa maandishi kabla ya kutia saini yoyote.

Milango ya kukopa

Mlango wa kawaida ni benki ya nchi ilipo nyumba. Faida yake ni kwamba mkopo utakuwa wa sarafu ya pango, na benki inaijua sheria ya dhamana yake. Ubaya wake ni kwamba haikujui wewe. Historia yako ya mikopo haivuki mpaka, na rekodi ya miaka kumi ya kulipa vizuri nyumbani kwenu haionekani popote katika kompyuta zao. Benki hufidia kutokujua huko kwa kukopesha sehemu ndogo zaidi ya thamani ya nyumba na kwa kutoza riba ya juu kidogo. Mkazi anayepewa asilimia 80 au 90 ya bei huenda akasimama foleni moja na mgeni anayepewa 60 au 70, na wote wawili wameomba mkopo wa nyumba ile ile.

Marekani ina aina ya mkopo inayomfaa mgeni kuliko nyingi, nayo ni ile inayotazama pango la nyumba kuliko mshahara wa mkopaji. Mkopeshaji hugawanya pango kwa gharama za mwezi za mkopo, kodi ya nyumba na bima, na jibu likifikia kiwango anachotaka, hahitaji kuona hati za mshahara za nchi ya mbali. Kwa urahisi huo utalipa mambo mawili: riba iliyo juu ya ile ya mkazi, na mara nyingi adhabu ya kulipa mapema inayopungua mwaka hadi mwaka katika miaka ya mwanzo. Uingereza nayo ina mikopo maalumu ya nyumba za kupangisha, ambapo wakopeshaji wengi hutaka pango lifikie asilimia 125 hadi 145 ya riba, na riba hiyo huikokotoa kwa kiwango cha majaribio kinachoweza kuwa juu ya kile utakacholipa kweli. Hapo mgeni hupata mkopo zaidi kwa wakopeshaji wachache wenye dirisha la watu waishio ng'ambo, na dalali wa mikopo anayewajua hao ana thamani kuliko ada anayotoza. Hilo sisemi kwa madalali wa nyumba.

Mlango wa pili ni benki ya kimataifa ambayo tayari unayo akaunti nayo katika nchi yako na yenye tawi katika nchi ya nyumba. Ukubwa wa jina lake usikudanganye, kwa sababu matawi ya nchi mbili mara nyingi ni kampuni mbili zinazotii wasimamizi wawili, lakini mara kadhaa barua ya utambulisho kutoka tawi la kwanza hufupisha uchunguzi wa tawi la pili.

Wa tatu ni kuweka rehani nyumba uliyo nayo nyumbani na kwenda kununua ng'ambo kwa fedha taslimu. Mlango huu una mvuto, kwa kuwa mkopeshaji anakujua, muuzaji anapenda mnunuzi wa taslimu, na hakuna uchunguzi wa ng'ambo. Lakini ndio unaovunja ile kanuni ya kwanza waziwazi, kwa sababu deni ni la sarafu ya nyumbani na pango ni la sarafu ya kigeni, na zaidi ya hapo, biashara ya mbali ikianguka, kinachopigwa mnada ni paa unalolalia. Unafaa kwa kiasi kidogo ambacho mshahara wako ungeweza kukilipa hata kama nyumba ya ng'ambo ingebaki tupu mwaka mzima, na si zaidi ya hapo.

Wa nne ni kulipa kwa awamu kwa mjenzi wa nyumba ambayo bado haijasimama. Mjenzi huita mpango huo "usio na riba", ingawa riba imo ndani ya bei. Hatari yake ni kwamba unakopesha badala ya kukopa: fedha yako inajenga nyumba, na ujenzi ukisimama unabaki mdai. Dubai ilitunga Sheria Na. 8 ya 2007 inayowalazimu wajenzi kuweka fedha za wanunuzi katika akaunti maalumu ya mradi inayosimamiwa, na fedha kutolewa kadiri ujenzi unavyosonga. Nchi isiyo na sheria ya aina hiyo inahitaji wakili mkali na dhamana ya benki kwa kila awamu. Vilevile usipange kwamba benki itakukopesha salio siku ya kukabidhiwa funguo, kwa kuwa benki itathamini upya nyumba siku hiyo, na uthamini ukiwa chini ya bei uliyoahidi, pengo ni lako. Benki Kuu ya Falme za Kiarabu, kwa kanuni zake za 2013, iliwekea mikopo ya nyumba ambazo hazijajengwa kikomo cha asilimia 50 ya thamani, na hilo peke yake linaonyesha msimamizi anaionaje hatari hiyo.

Asiyetaka riba kwa sababu ya imani anayo njia. Murabaha, ambapo taasisi hununua nyumba na kukuuzia kwa bei ya juu inayolipwa kwa awamu. Ijara, ambapo unapanga kwake hadi umiliki uhamie kwako. Na musharaka inayopungua, ambapo mnamiliki pamoja na wewe unanunua hisa zake kidogo kidogo. Zote tatu hutolewa katika nchi za Ghuba, Malaysia na pia Uingereza. Zipime kwa hesabu ile ile ya pango itakayofuata, maana jina la mkataba halibadilishi kiasi kinachotoka kila mwezi. Muuzaji anayekubali kulipwa taratibu, mkopeshaji binafsi, au ndugu anayeishi huko ni milango mingine, na wote wanahitaji mkataba uliosajiliwa kama wangekuwa benki.

Hesabu inayoamua ukubwa wa mkopo

Chukulia nyumba ya dola 200,000 inayopangishwa kwa dola 1,500 kwa mwezi, na benki iliyotangaza kwamba itakopesha asilimia 65, yaani dola 130,000, kwa riba ya asilimia 7 na miaka 25 ya marejesho. Awamu ya mwezi ni takriban dola 919, sawa na 11,026 kwa mwaka. Pango la mwaka ni 18,000, na mtu anayeangalia haraka anaona karibu dola 7,000 zinabaki.

Sasa toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, inabaki 16,500. Toa asilimia 10 ya msimamizi, kwa kuwa huwezi kukimbilia uwanja wa ndege kila tanki la maji linapovuja, yaani 1,650. Toa 3,600 za bima, kodi ya jengo, ada ya huduma za pamoja na matengenezo. Kinachobaki ni 11,250, na ukikigawanya kwa 11,026 unapata 1.02. Wakopeshaji wengi wanaotazama kipato halisi hutaka 1.2 au 1.25. Hivyo nyumba hii haistahili mkopo wa dola 130,000 hata kama tangazo la benki linasema asilimia 65. Kwa kiwango cha 1.25, fedha inayoweza kwenda kwenye marejesho ni 9,000 kwa mwaka, au 750 kwa mwezi, na kwa masharti yale yale mkopo unaolingana na awamu hiyo ni takriban dola 106,000, yaani asilimia 53 ya bei. Fedha yako mwenyewe inakuwa dola 94,000, na ukiongeza gharama za ununuzi, tuseme asilimia 6 ambazo ni 12,000, unahitaji dola 106,000 mkononi kabla ya kuweka akiba yoyote.

Kuna jambo katika hesabu hii ambalo matangazo hayalitaji. Nyumba inazalisha 11,250 juu ya bei ya 200,000, yaani asilimia 5.6, lakini mkopo unagharimu asilimia 7. Kila dola unayokopa hapa inapunguza mapato yako. Aliyenunua kwa taslimu anapata 11,250 kwa dola 212,000 alizotoa, ambayo ni asilimia 5.3; aliyekopa 106,000 anabakiwa na 2,250 kwa dola 106,000 alizotoa, ambayo ni kama asilimia 2.1, ingawa ni kweli kwamba sehemu ya awamu zake inapunguza deni. Mkopo wa namna hii unaweza kuwa na maana kwa mtu asiye na njia nyingine ya kupata nyumba au anayeamini kwa dhati kwamba bei itapanda, lakini asijidanganye kwamba mkopo unamwongezea kipato. Pale riba ilipo chini ya kile nyumba inachozalisha baada ya gharama, mkopo unafanya kazi. Pale ilipo juu, wewe ndiye unayeufanyia kazi. Rudia hesabu hii kwa riba iliyoongezeka pointi mbili na kwa miezi mitatu ya nyumba kukaa tupu, na ikiwa matokeo yanakufanya uanze kutafuta visingizio, acha nyumba hiyo.

Nyaraka, na swali la fedha ilitoka wapi

Benki ya kigeni itataka pasipoti, uthibitisho wa makazi, taarifa za benki za miezi kadhaa, hati za kodi za miaka miwili au mitatu, barua ya mwajiri au hesabu za biashara zilizokaguliwa, na barua ya marejeo kutoka benki yako. Hizo ni rahisi. Ngumu ni kuthibitisha chanzo cha fedha ya kianzio. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu humlazimu mkopeshaji, wakili na wakati mwingine dalali kujua kila kiasi kikubwa kilipatikanaje, na jibu la "ni akiba yangu" halitoshi bila karatasi. Kiwanja kilichouzwa kiwe na mkataba wa mauzo na taarifa ya benki inayoonyesha fedha ikiingia. Zawadi ya mzazi iwe na barua yake na taarifa ya akaunti yake. Fedha iliyokusanywa taslimu kwa miaka na kuwekwa benki kwa siku moja ni tatizo hata ikiwa safi kama maji ya chemchemi, hivyo anayejijua ana biashara ya taslimu aanze kuipitisha benki miaka miwili kabla. Mkazi wa nchi iliyo katika orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, ajiandae kwa maswali zaidi, na kwa baadhi ya wakopeshaji kukataa bila maelezo.

Nyaraka zisizo katika lugha ya nchi ya nyumba zitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa huko. Nakala zithibitishwe na mthibitishaji wa nyumbani, kisha zipate apostili, yaani muhuri wa serikali unaofanya hati ikubalike nchi nyingine, ikiwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961. Nchi isiyo mwanachama itahitaji njia ndefu ya wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Hati ya uwakala inayomruhusu wakili kutia saini kwa niaba yako itaje nyumba, bei na mkopo unaohusika, na iwe na tarehe ya mwisho. Hati ya uwakala isiyo na mipaka ni ufunguo wa nyumba zako zote.

Kodi, na jina litakaloandikwa kwenye hati

Kodi hubadilisha hesabu ya mkopo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu baadhi ya nchi humtoza mgeni juu ya pango ghafi kabla riba haijatolewa. Marekani humkata asiye mkazi asilimia 30 ya pango lote, isipokuwa achague kutozwa kama mfanyabiashara wa huko, na hapo riba, matengenezo na uchakavu hutolewa kwanza. Kwa aliyekopa, kutofanya uchaguzi huo kunaweza kuacha pango lisitoshe awamu. Kanada hukata asilimia 25 ya pango ghafi, na pia ina utaratibu wa kuomba ukokotoaji wa kipato halisi. Uingereza humtaka wakala, au mpangaji mwenyewe akilipa zaidi ya pauni 100 kwa wiki moja kwa moja, akate kodi ya kiwango cha msingi hadi mwenye nyumba apate kibali cha kupokea pango zima. Huko huko, tangu mwaka wa kodi wa 2020/21 mtu binafsi haondoi tena riba ya mkopo katika kipato cha pango bali hupata nafuu ya kiwango cha msingi tu, wakati kampuni bado inaiondoa yote. Hilo limewasukuma wengi kununua kwa jina la kampuni.

Kampuni ina faida nyingine: inatenganisha deni na mali zako binafsi, ingawa mkopeshaji karibu kila mara atataka dhamana yako binafsi na kuutoboa ukuta huo. Ina gharama za ukaguzi na ada za kila mwaka zinazoweza kula faida ya nyumba moja ndogo. Nchini Marekani, mgeni asiye mkazi anayefariki akiwa na nyumba kwa jina lake huanza kukabiliwa na kodi ya mirathi mali zake za huko zinapozidi dola 60,000, kiwango kidogo mno kulinganisha na kile cha raia, na uamuzi wa jina la mmiliki ni bora ufanywe na mshauri wa kodi kabla ya ombi la mkopo kupelekwa, maana kubadilisha baadaye ni kuuza upya. Angalia pia kama nchi hizo mbili zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, na utangaze pango nyumbani inapotakiwa: zaidi ya nchi 100 hubadilishana taarifa za akaunti chini ya kiwango cha mwaka 2014 cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na akaunti ya siri ni jambo la zamani.

Masharti ya kusoma mara mbili

Riba isiyobadilika kwa muda wote ni ya kawaida Marekani na Ufaransa. Kwingi, "isiyobadilika" humaanisha miaka miwili au mitano, kisha mkopo huingia katika riba inayofuata soko. Uliza siku hiyo itakuwaje na kama mgeni ataruhusiwa kuhamia mkopo mpya. Uliza kama mkopeshaji anaweza kukudai mali nyingine iwapo nyumba itauzwa chini ya deni, kwa kuwa katika nchi nyingi anaweza. Soma kifungu kinachomruhusu kudai nyongeza ya dhamana thamani ya nyumba au ya sarafu ikishuka. Mikopo ya benki za matajiri huwa nacho, na mkopaji wa kawaida akikiona akitoe au aondoke. Soma pia kama mkopo unaruhusu aina ya upangishaji unayokusudia, kwa sababu kumpangisha mgeni wa siku tatu kwenye nyumba iliyokopewa kwa wapangaji wa mwaka ni kuvunja mkataba, na bima nayo huweza kukataa kulipa.

Kupeleka fedha na kufunga ununuzi

Fedha ya kianzio ipite kwa kampuni au benki yenye leseni, iende kwenye akaunti ya amana ya wakili au mthibitishaji, na kamwe isiende kwa dalali. Tofauti ya asilimia mbili katika bei ya kubadilisha dola 106,000 ni dola 2,120, kwa hiyo linganisha watoa huduma watatu. Ikiwa kuna miezi kati ya mkataba na ukamilishaji, omba mkataba wa kufunga bei ya sarafu kwa tarehe ijayo, ili kianzio kilichotosha Januari kisipungue ifikapo Aprili. Namba ya akaunti iliyotumwa kwa barua pepe uithibitishe kwa simu, ukipiga namba uliyoipata mwenyewe kabla, kwani wezi hujiingiza katika mazungumzo ya ununuzi na kubadilisha akaunti siku ya mwisho. Hifadhi uthibitisho wa benki kwamba fedha iliingia kutoka nje, maana nchi kadhaa, Thailand ikiwamo kwa fleti zinazonunuliwa na wageni, hudai karatasi hiyo ili kusajili umiliki, na ndiyo itakayokuruhusu kuitoa tena utakapouza.

Siku ya kuuza nayo ipangwe kabla ya kununua. Marekani humlazimu mnunuzi kumkata muuzaji wa kigeni asilimia 15 ya bei yote ya mauzo, si ya faida, na kuipeleka mamlaka ya kodi hadi hesabu halisi ifanyike; ukiwa na deni la asilimia 53 na ada za mauzo, fedha inayobaki mezani siku hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko ulivyotarajia, na marejesho ya ziada husubiriwa miezi. Uingereza humtaka asiye mkazi aripoti mauzo ya nyumba ndani ya siku 60 hata kama hakupata faida. Deni likishalipwa, usitosheke na risiti ya benki: dai hati ya kufuta rehani, na wakili aipeleke kwa msajili wa hati hadi jina la mkopeshaji litoke kwenye daftari.